Rangi Isiyokuwa Kitabuni

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yangu, naomba mnivumilie. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wetu, mpima ardhi mstaafu, na sauti ya kusomea watu sina. Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza aliuandika mwanawe, mpwa wangu, nao ulikuwa mzuri na mfupi, ila kuhusu paka ulikuwa na sentensi moja tu: "Alipenda wanyama." Nimeifuta. Dada hakupenda wanyama. Mbwa alikuwa hataki hata kuwasikia, na kuku wa jirani aliwafukuza kwa ndala mbele ya mwenyewe. Alichopenda dada ni rangi moja. Rangi hiyo ilimtesa miaka kumi na mitatu, na sitakubali tumzike tukijifanya hatujui.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Tulikaa vyumba vitatu, kimoja kikiwa cha kazi, na sanduku la nyuzi la baba ndilo lililokuwa shule yake ya kwanza. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka. Chini ya taa hakuweza kutofautisha uzi mweusi na wa bluu iliyokoza, basi alimpa dada nyuzi mbili na kumwambia, "Nenda mlangoni kaangalie." Dada akiwa na miaka mitano alikwenda, akaangalia, akarudi na jibu. Sikumbuki siku hata moja aliyokosea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976. Alikuwa hodari wa sayansi na mzito wa kunyamaza. Mwalimu mmoja alitundika ubaoni chati ya rangi, akagusa mstari wa tatu kwa fimbo na kusema, "Hii ni bluu." Dada akasimama. "Mwalimu, hiyo ilikuwa bluu kabla haijakaa juani." Alirudishwa nyumbani kumleta mzazi. Baba alifika, akaomba chati ile ipelekwe mlangoni, na mambo yakaishia hapo, ingawa mwalimu hakumpenda tena.

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi za nyumba, kazi ya kuosha makopo. Haukupita mwaka akahamishiwa meza ya kulinganisha rangi, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2013. Mteja alileta kipande cha lipu kilichobanduka ukutani, dada akakichukua akatoka nacho nje, akakitazama, akarudi na kuchanganya. Wenzake walimpa jina la Mama Mlangoni. Kijana mgeni akimuuliza kwa nini asitazame palepale mezani, chini ya taa nzuri zote zile, alimjibu, "Taa ni mnafiki, mwanangu. Inakwambia unachotaka kusikia."

Kisha, kwa maajabu ya Mungu, akaolewa na fundi umeme. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, na ilichelewa saa nzima kwa sababu bibi harusi aliona koti la bwana harusi na suruali yake ni weusi wa aina mbili. Shemeji hakukasirika, alikwenda kubadili. Alikuwa akisema, "Mimi nafunga taa, mke wangu anazima, ndiyo maana hatukosi kazi." Walijaliwa binti mmoja. Shemeji alitutoka mwaka 2009, na nyumba ile ikapoa.

Sasa paka. Mwaka 1996 mteja mmoja aliyekuwa anahama alimwachia dada paka wawili wa ukoo, wenye manyoya mafupi, pamoja na hati zao za vizazi saba. Shemeji alizisoma akacheka. "Mimi babu wa babu yangu simjui, paka anamjua wa saba!" Dada akajiunga na chama cha wafugaji wa paka hao. Chama kina kitabu, na katika kitabu kuna rangi nne zinazokubalika: nyeusi, kahawia, kijivu na zambarau mpauko. Kila mtoto wa paka akifikisha wiki kumi na mbili hupelekwa mbele ya mwamuzi, rangi yake ikaandikwa. Ikishaandikwa, imeandikwa.

Mwezi wa tano mwaka 2011, paka wa dada alizaa watoto wanne. Watatu walikuwa weusi. Wa nne, jike, alikuwa na rangi ya mdalasini. Haikuwa kahawia. Ilikuwa na joto zaidi, na ncha ya pua na nyama ya chini ya miguu zilikuwa za waridi, wakati za paka wa kahawia huwa nyeusinyeusi. Dada alinieleza kuwa rangi hiyo hujificha ndani ya damu vizazi na vizazi, na haitokei mpaka baba na mama wote wawili wawe wameibeba bila kujua. Mimi nilimwambia naona paka wa kahawia. Nilisema hivyo kumtania, nikaendelea kusema hivyo miaka kumi na mitatu, mtu mzima na akili zangu.

Alimpeleka kwenye ukumbi wa chama, ukumbi wenye madirisha yaliyozibwa kwa mapazia mazito na taa ndefu nyeupe darini. Mwamuzi alimshika paka nusu dakika na kuandika: kahawia. Dada akamwomba watoke naye mlangoni tu, hatua kumi. Mwamuzi akasema utaratibu ni meza. Katibu akaongeza maneno ambayo dada aliyarudia nyumbani mpaka tukayakariri sote: "Mama, kitabu hakina rangi hiyo."

Katibu tunaye hapa leo, ameketi safu ya tatu, na namshukuru kwa shada. Lakini nitasema. Dada aliandika barua kwa miaka sita. Nyingine zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Mwaka 2017 chama kilikubali kwamba ukurasa mpya utafunguliwa iwapo rangi hiyo itaonekana vizazi vitatu mfululizo, kila kizazi kikionwa na mwamuzi, na safari hii nje, mchana. Vizazi vitatu! Mtu aliyelinganisha kuta za mji mzima aliambiwa alete mashahidi watatu wenye mikia.

Akawaleta. Kizazi cha kwanza, jike wa uzao wa yule wa 2011, kilithibitishwa mwaka 2018. Cha pili kilikuwa dume aliyezaliwa Februari 2020, na dada alimpa jina la Ushahidi. Likabaki deni la kizazi cha tatu. Ushahidi alioa mara mbili, akapata watoto saba, wote weusi kama masizi, kwa kuwa wake zake hawakuibeba rangi ile. Mama yake akaugua tumbo la uzazi, likatolewa. Kwa hiyo rangi yote ya mdalasini, miaka yote ile na barua zote zile, ikabaki ndani ya dume mmoja mwenye tabia ya kukojolea mapazia.

Novemba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walisema ni moyo. Tarehe 12 Aprili mwaka huu alilazwa, nami nikahamia kwake kulinda nyumba. Siku ya tatu Ushahidi alikojolea mapazia. Siku ya tano alikojolea viatu vyangu. Jirani wa juu akaja kulalamika harufu, na mimi, nikiwa na nia njema ya mtu asiyeuliza, nikambeba kwenye kikapu Jumatano, tarehe 24 Aprili, nikampeleka kwa daktari wa wanyama akahasiwa.

Jioni ile nilikwenda wodini nikiwa nimejaa furaha. Nikamwambia, "Dada, usihangaike tena na lile dume. Nimelipeleka kwa daktari, kazi imekwisha."

"Kazi gani?"

"Kuhasi. Hata hakulia."

Dada aliweka kikombe chini. Akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Mchumba wake analetwa tarehe nne mwezi ujao. Yule wa mfugaji mwenzangu, ambaye baba yake alikuwa na rangi yetu. Nimemtafuta miaka miwili." Kisha akaegemea mto na kutazama dirisha.

Hakunigombeza. Hilo ndilo linalonikera mpaka sasa. Miaka sitini amenigombeza kwa kuvaa soksi zisizolingana, na siku niliyostahili hasa, akanyamaza. Angenitukana ningepumua. Nilipotaka kuomba radhi alinyoosha mkono kunizuia, akasema, "Hukujua. Na mimi sikukwambia, kwa sababu kila nikikwambia unacheka." Nilitoka pale nikasimama kwenye korido na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani. Nilimkasirikia katibu, nikalikasirikia lile daftari lao, nikamkasirikia paka. Ukweli ni kwamba mwenye makosa nilikuwa nimevaa viatu vyake.

Wiki ya mwisho ya Mei alinipa kazi. "Mlete Ushahidi. Saa nne asubuhi, uani." Mlinzi wa hospitali alisema wanyama hawaruhusiwi, nikamwambia kikapuni mna nguo za mgonjwa, na nguo hizo zikalia palepale getini. Mlinzi alinitazama, akatazama kikapu, akasema, "Mzee, nguo zako zina njaa. Pita upesi." Mungu ambariki.

Muuguzi alimtoa dada kwa kiti cha magurudumu hadi penye jua. Nikafungua kikapu, nikamweka Ushahidi mapajani mwake. Dada akasema, "Haya, mdogo wangu. Huyu ana rangi gani?"

Nikaanza kusema kahawia, kwa mazoea. Nikalikatiza neno katikati. Nilikuwa nimepima mashamba ya watu miaka thelathini na nane kwa macho haya, na paka huyu nilikuwa sijamtazama hata mara moja. Nikachuchumaa. Manyoya yake yalikuwa mekundu kwa chini na ya joto kwa juu, kila unywele umeshika jua. Nikamgeuza mguu. Nyama yake ilikuwa ya waridi.

"Mdalasini," nikasema.

"Umechelewa," akasema dada. Akamkuna paka nyuma ya sikio. "Lakini sasa tumekuwa wawili."

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa nne kasoro robo asubuhi. Pazia lilikuwa limefunguliwa, mwenyewe aliagiza.

Nilimpigia katibu kumweleza msiba, na nikamuuliza kama kwa heshima ya marehemu chama kingeweza kuandika rangi ile, hata kwa kalamu ya risasi. Alisikitika kweli, simsingizii. Akasema bila kizazi cha tatu haiwezekani, kwa sababu jambo haliwi rasmi mpaka lipigwe chapa kitabuni. Nikamwambia nimeelewa. Nilikata simu, nikakaa na paka miguuni, nikachukua karatasi ya mpwa wangu na kufuta ile sentensi yake.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja na wadogo watatu, mmoja wao akiwa huyu anayesoma. Ameacha pia paka mmoja anayelala kitandani kwangu: Ushahidi, dume, umri miaka minne, manyoya mafupi, bila baka, rangi ya mdalasini.

Kijitabu hiki cha mazishi kimepigwa chapa nakala mia mbili, na hiyo rangi imo ukurasa wa mwisho. Katibu, naomba uchukue nakala moja, ukaisomee mlangoni.

Dada, pumzika kwa amani. Imeandikwa.