Daftari la Bendera la Melkior Krispini, 1953–2014

Wasifu huu, unaosomwa leo mazishini, umeandikwa na dada yake mkubwa, Kasilda, aliyeishia darasa la nne na hajasahau kitu.

Marehemu alizaliwa hapa Mpanda tarehe 14 Machi 1953, reli ikiwa bado mpya, mtoto wa mwisho wa Mzee Krispini, mshika bendera wa stesheni, na mama Elizabeti. Kasilda ndiye aliyembeba mgongoni. Mwaka 1959, akiwa na miaka sita, Melkior aliiokota bendera ya kijani ya baba akaipunga. Kiberenge kikaondoka, na mafundi wako mbele wameinama relini. Waliruka, hakuna aliyeumia. Baba alimchapa mbele ya stesheni nzima akamwambia, "Hujatembea njia, unainuaje bendera?" Kisha akamtembeza relini hadi daraja la pili, pekupeku, mchana wa Oktoba. Kasilda alimpaka mawese nyayoni siku tisa.

Alisoma shule ya msingi Mpanda, sekondari Tabora, na hesabu Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akamaliza 1978.

Huko huko aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa maji. Kazi yake hamkuielewa, mkaicheka. Kituo kilikuwa na maktaba, si ya vitabu, ni ya kanuni za hesabu za mito na maziwa zilizoandikwa kwa kompyuta. Kompyuta haielewi maandishi ya watu mpaka programu ya kufasiri iyageuze, nayo hupewa kwanza amri fupi fupi zenye kistari mbele. Wenyewe wanaziita bendera. Melkior aliijaribu kila moja, akaandika daftarini ipi inafaa na ipi inadanganya.

Mwaka 1991 mkuu wake, Bwana Leodgar, alitaka bendera ya kuharakisha hesabu. Melkior alikataa: itapunja desimali, na mafuriko yatatoka madogo kuliko yalivyo. Leodgar akamjibu mbele ya wenzake, "Mwana wa stesheni, hapa hatungojei treni." Akaiweka mwenyewe. Majibu yalitoka haraka, yakatoka mabovu, tuta la kuzuia mafuriko likajengwa fupi, maji yakabeba mashamba ya watu. Aliyefukuzwa kazi ni Melkior.

Alikuwa amemwoa Theopista wa Ikola, kanisani, mwaka 1982, wakajaliwa mtoto mmoja, Evodi. Mume aliporudi huku kwetu, kijijini Magamba, kushika jembe, mke alivumilia msimu mmoja wa mahindi. Yupo hapa leo, mstari wa mbele, na kitenge chake kipya kimemkaa vizuri.

Watu wa Magamba, nanyi hamkubaki nyuma. Mlimwita Bendera. Akipita na baiskeli mlimuuliza treni imefika wapi. Baadhi ya waliouliza ndio wanaobeba jeneza leo. Mungu awalipe kwa yote mawili.

Figo zilianza kumsumbua 2012. Desemba mwaka uliofuata ikaja barua ya Leodgar. Mashine mpya zimenunuliwa, maktaba imejengwa upya na hesabu hazilingani, hakuna anayezijua bendera zake, tafadhali daftari litumwe. Neno la pole halikuwemo. Melkior alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mpe tu, dada. Hesabu hazijamkosea mtu." Kasilda aliitikia ndiyo, maana mgonjwa habishiwi.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2014, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha dada mmoja, mke kwa cheti, mtoto mmoja na wajukuu wawili. Bwana Leodgar naye amesafiri siku mbili kutoka Dar, na tangu afike anawauliza wanawake jikoni daftari liko wapi. Asiwasumbue, wana kazi. Limo ndani ya sanduku, chini ya mkono wa kulia wa marehemu, na misumari ilipopigwa Kasilda alisimama pale hadi wa mwisho. Njia ya kulifuata ni moja, na Leodgar ataitembea siku yake ikifika.

Pumzika, Melkior. Wewe njia umeitembea yote.