Mama Geji Anaiaga Idara ya Viwashio

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mkuu wa Ukaguzi katika Idara ya Viwashio anastaafu tarehe 30 Juni. Barua za ofisi zina jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Geji, kwa ajili ya kile kipimo anachokining'iniza shingoni kama refa na filimbi yake.

Aliajiriwa akiwa binti mwenye cheti cha ufundi na miwani mizito. Geji yake haikumhurumia mtu. Fundi wa mashine ya kukereza alipotuletea pete ya uchumba tuione, Mama Geji aliidaka, akaipima, akatangaza kwamba itapwaya. Ilipwaya kweli, ikapotea kabla ya harusi. Wakurugenzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa waziri, na asubuhi akiwa hajanywa chai, wenye akili walipita mbali.

Alikuwepo Serikali ilipopanga upya viwanda vya ulinzi. Kiwashio, kile kidude cha puani kinachoamua kombora lilipuke lini, kilikuwa kikitengenezwa hapa pekee. Wizara iliamuru kitengenezwe pia na viwanda vitatu vya raia: cha cherehani, cha makufuli na cha mita za maji. Kimoja kikishambuliwa, vingine viendelee. Viwashio vyote vilipelekwa ghala moja, vikachanganywa. Tuliupigia makofi mpango ule. Tundu lake hatukuliona: kiwashio kikiwa kibovu, kila kiwanda kingeweza kuruka kimanga.

Vita vilipoanza, kombora moja lililipukia ndani ya mzinga. Walikufa askari watatu, na mmoja wao alikuwa mwana wa Mama Geji, kitinda mimba wake. Kamati ya Wizara ilizunguka viwanda vyote vinne, na kote ikajibiwa kwamba si kwetu. Hata hapa ilijibiwa hivyo.

Alizika, akarudi kazini, akaanza kudai jambo moja tu: kila kiwanda kipige chapa yake kwenye kila kiwashio. Wizara ilikataa, eti chapa ingemwonyesha adui viwanda vya kushambulia. Aliwaganda kama kupe mpaka wakakubali. Leo chapa ni sheria katika viwanda vyote vya ulinzi, na katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo kubwa.

Mwaka uliofuata mzinga mwingine ulipasuka. Kiwashio kilicholetwa mezani kilikuwa na chapa yetu. Wapo waliotaka kubisha. Mama Geji alikigeuzageuza, akavua miwani, akasema, "Jamani, ni chetu. Tusitafute pengine." Kisha akalia mbele yetu sote. Hatukuwahi kumwona akilia, hata msibani. Mashine zilizimwa siku ileile, springi mbovu za viwashio zikasakwa zikaondolewa, na tangu hapo hakuna mzinga uliopasuka kwa kazi ya mikono yetu.

Hapa kiwandani kila mstaafu hupewa kiwashio cha shaba kilichong'arishwa, juu ya kibao. Mama Geji amekikataa kwa upole. Anacho kimoja nyumbani, alichopewa na kamati. Kimeungua, tena ni cha kabla ya chapa.

Mama, wapo askari wanaorudi kwa watoto wao kwa sababu yako, nasi tunakushukuru kwa moyo wote. Tungependa kukuaga kwa kukuambia kwamba kile kiwashio cha mwanao hakikutoka hapa. Hatuwezi. Nenda salama, mama yetu, na Mungu akujalie usingizi.