Fundi wa Barafu na Pumzi za Namba Tatu

Marehemu alizaliwa saa tisa alasiri, Jumanne, tarehe 11 Februari 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mabomba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi bomba na mkewe mshona magodoro, na kwa maelezo ya mama mzazi, mtoto huyo hakulia alipotoka, alitulia kama mtu anayesubiri kusikia wenzake wanasema nini kwanza.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na katika ripoti ya darasa la tano, ambayo familia inayo mpaka leo, mwalimu aliandika kwamba masikio anayo lakini hayapo darasani, jambo lililokuwa kweli, kwa kuwa siku nyingi alikutwa ameyabandika kwenye tangi la maji nyuma ya shule, akisikiliza maji yanavyopanda. Kati ya mwaka 1975 na 1977 alisomea ufundi wa majokofu katika chuo cha ufundi, akapata cheti cha daraja la pili, na huko ndiko wenzake walikomwita Sikio, jina ambalo wengi wenu mliokaa hapa mnalijua kuliko lile alilopewa na wazazi.

Jumatatu, tarehe 3 Aprili 1978, aliajiriwa katika kiwanda cha barafu kama msaidizi wa fundi mitambo, akapanda hadi kuwa fundi mkuu mwaka 1990, na alistaafu Februari 2018 bila kupewa barua ya onyo hata moja. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kompresa tatu, mashine za kugandamiza gesi ya kupoza, zilizofungwa kwenye sakafu ya saruji, ya kwanza na ya pili zikiwa zimenunuliwa mpya, na ya tatu, iliyokuja ikiwa imeshatumika, ilikuwa na vali iliyotengenezwa mara nyingi, na kwa sababu ya vali hiyo ilivuta gesi polepole, ikasita, kisha ikaiachia kwa mkwaruzo, kama mtu mzima mwenye kifua kibovu aliyelala chali. Wafanyakazi waliiita Namba Tatu, na wakipita karibu nayo waliisalimia.

Mwaka 1983 marehemu alinunua kinasa sauti cha kanda, akatoa kidude cha mviringo kinachopokea mtetemo kwenye kengele ya saa ya mezani iliyokufa, akakiunganisha kwa waya na kinasa sauti hicho, akawa anakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye mabomba, kwenye matangi ya maji ya chumvi na kwenye milango ya vyumba vya baridi, ananasa yanayotokea ndani, kisha nyumbani anazipiga kanda hizo kwa nusu ya mwendo na kuzipandanisha kwenye kinasa sauti cha pili, mpaka chuma kikaacha kusikika kama chuma. Muziki huo haukuwa na ngoma, haukuwa na maneno, ulikwenda taratibu na chini sana, kama kitu kikubwa kinachojigeuza kwenye giza, na mgeni mmoja aliyealikwa kuusikiliza aliuliza kwa adabu wimbo unaanza lini, akajibiwa kwamba umeshaisha. Kila kazi ilikuwa na urefu wa dakika arobaini, na katika zote alitafuta jambo moja tu, sauti ya mashine itakayomfanya msikilizaji aamini kwamba kuna mtu ndani. Ameacha kanda mia mbili na kumi na saba, zote zimeandikwa siku na saa, hakuna iliyoandikwa jina.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kushonea mkabala na posta, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni mpima ardhi. Yanayofuata yameandikwa kwa idhini ya mjane, ambaye alipoulizwa na dada wa marehemu, ndiye msomaji wa historia hii, kama kuna sehemu za kuruka, alisema kwamba yeye hakuruka hata moja alipokuwa akiishi nayo, kwa hiyo isomwe yote.

Kuanzia mwaka 1989, kila Jumamosi saa tisa alasiri, watu sita walikusanyika katika chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu, wakateremsha mapazia, wakasikiliza kanda moja bila kusema neno, kisha kila mmoja akaeleza alichosikia. Kati yao alikuwepo mwanamke aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, anayejulikana kwa wote kama Mama Dobi, ambaye masikio yake, kwa kukaa miaka na mashine kubwa za kufulia, yalikuwa makali kuliko ya wote, na aliweza kusema hapa kuna maji yanatembea chini ya chuma, hapa barafu imepasuka lakini haijaachana, na mara zote akawa sahihi. Mke wa marehemu, aliyekuwa akileta chai kikao kinapokwisha, alifika mlangoni siku moja na kumkuta mumewe akimwambia Mama Dobi, "Wewe ndiye unayesikia," na tangu siku hiyo chai ya Jumamosi ikawa inafika imepoa.

Mke huyo hakuwa kiziwi kwa muziki wa mumewe, hilo watu hawakulijua, aliusikiliza akiwa peke yake mchana, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani, na ndivyo alivyofika kwenye kanda iliyoandikwa "Ijumaa, saa tano asubuhi", ambayo ndani yake palikuwa na mtu anapumua. Aliirudisha mara tatu. Pumzi ilikuwa ya mtu mzima, aliyechoka, asiye na haraka ya kwenda popote, na Ijumaa saa tano asubuhi ni saa ambayo mume alipaswa kuwa kazini. Alipomuuliza, marehemu alijibu kuwa hiyo ni kompresa, na mkewe akamwambia kwamba amezaa watoto wawili na amelala na mwanamume miaka minane, kwa hiyo pumzi ya mtu anaijua.

Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1994, saa nne na nusu asubuhi, alimpitia wifi yake, dada wa marehemu, akamwambia avae viatu vya kutembelea, wakaenda hadi kiwanda cha barafu, na njiani aliuliza jambo moja tu, kama Mama Dobi siku za Ijumaa huwa anaingia kazini asubuhi au mchana. Walipofika, marehemu alikuwa ghorofani kwenye matangi, wakapokewa na mlinzi wa zamu, aliyewapeleka chumba cha mitambo kwa heshima zote, na walipofungua mlango pumzi ile ilikuwa inawasubiri, ileile, ikivuta, ikisita, ikiachia. Mlinzi alipiga kiuno cha kompresa kwa kiganja na kusema, "Ndiye huyu, shemeji, umri mkubwa na hakuna aliyemposa." Mke wa marehemu hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya mashine ile, akauacha pale kwa muda, kisha akatoa leso akafuta grisi, na wakiwa njiani kurudi alimwambia wifi yake maneno ambayo wifi hajayasahau, "Afadhali angekuwa mtu, wifi. Mtu ningemwambia amwache mume wangu."

Wivu huo haukuisha kwa kuthibitishwa kwamba pumzi ni ya mashine, ulihama tu, kutoka kwa Mama Dobi kwenda kwa Namba Tatu, na wakati mwingine ukagawanywa kwa wote wawili. Alijua ni siku gani Namba Tatu imebadilishwa mafuta, kwa sababu siku hiyo mume alirudi akiwa mkimya, na alijua ni siku gani imekohoa vizuri, kwa sababu siku hiyo alikula kwa haraka na kwenda chumba cha nyuma. Katika miaka kumi na minne ya ndoa kinasa sauti kilishawekwa kwenye jokofu la jirani, kwenye mlango wa zahanati, kwenye tumbo la mbuzi wa mwana wao, na hakikuwahi kuwekwa karibu na cherehani.

Machi 2001 alimwomba mumewe anase cherehani yake, akashona mbele yake kwa saa nzima, pindo refu na pindo fupi, kitambaa kizito na chepesi, na marehemu alisikiliza kwa umakini uleule alioutumia kazini, kisha akazima kinasa sauti na kusema, bila ubaya wowote, "Hii haina mtu ndani." Mke wake hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alianza kuinyima cherehani mafuta, akalegeza skrubu moja chini ya meza, akaacha vumbi la nyuzi likusanyike kwenye meno yanayovuta kitambaa, na kwa miezi minne alishona hivyo, nyuzi zikakatika, mishono ikaruka, gauni la bibi arusi mmoja likarudishwa likiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, wateja wakaanza kuuliza kama fundi anaumwa, mpaka cherehani ikaanza kuguna. Jioni moja ya Julai marehemu aliingia kutoka kazini, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo akisikia kitu, na mke wake akaendelea kukanyaga bila kugeuka. Marehemu aliweka mfuko chini, akaleta kopo la mafuta na bisibisi, akapiga magoti, na kwa muda wa nusu saa akaisafisha cherehani ile kwa upendo mkubwa, ikarudi kuwa kimya kama siku iliyonunuliwa. Alisimama ameridhika, akamuuliza mkewe mbona analia, akajibiwa ni vumbi.

Kiwanda kilibadilisha mitambo mwaka aliostaafu, na Jumatano, tarehe 14 Februari 2018, Namba Tatu iliuzwa kama chuma chakavu, marehemu akaenda kuiaga na kinasa sauti chake, na mke wake akafuatana naye akiwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, akasimama mpaka gari likatoka getini na likapinda kona, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi, vipimo vikaonyesha kuwa moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa na maji yameingia kwenye mapafu, akalazwa mara nne katika hospitali ya rufaa, na tarehe 6 Mei 2025 aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mashine ya oksijeni, aliyoitafuta binti yake. Mashine hiyo iliwashwa kando ya kitanda saa kumi alasiri, ikavuta, ikasita, ikaachia, na kabla marehemu hajasema neno mke wake alisema, "Amerudi." Marehemu aliomba kinasa sauti kiwekwe kwenye stuli. Mke wake alikiweka yeye mwenyewe, akatoka, na baada ya dakika chache akarudi akisukuma cherehani yake kutoka chumba cha mbele, akaiweka karibu na kitanda upande wa pili, akasema kama kuna mashine ya kunaswa humu ndani basi zinaswe zote, yeye ana mashuka ya kukunja pindo na hana sehemu nyingine ya kukaa.

Cherehani hiyo ilikuwa haijatiwa mafuta tangu mgonjwa alazwe mara ya kwanza, safari hii si kwa makusudi, hakukuwa na nafasi, na ilipokanyagwa iliguna. Mke wake aliomba radhi, akainuka kufuata kopo, na marehemu, ambaye wiki hiyo alikuwa anasema maneno machache kwa siku, alimshika gauni akamwambia, "Usiitie mafuta."

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mke wake aliwasha kinasa sauti kama kila siku, akaanza kushona. Marehemu alifariki saa nne na dakika ishirini, muda uliothibitishwa na binti yake, na kwenye kanda, ambayo binti ameisikiliza mara moja kwa ruhusa ya mama yake, pumzi ya marehemu inakoma kwanza, cherehani inakoma baada ya mishono miwili, kabla ya mtu yeyote kuita, na mashine ya oksijeni inaendelea peke yake. Kinasa sauti kilizimwa na mke wake saa nne na nusu, na kanda ina dakika arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia mgonjwa aliyewaomba wasitengeneze kitanda kinacholia, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha barafu, wa zamani na wa sasa, na majirani, ambao katika miaka yote hiyo ya ngurumo waliita zimamoto mara moja tu. Inawashukuru pia wasikilizaji wa Jumamosi, ambao jana saa nane mchana walimtuma Mama Dobi kuomba kanda ya mwisho ili waisikilize leo saa tisa, na kwa kuwa wengine wameendelea kuuliza hapa msibani, jibu alilopewa na mjane linasomwa kama lilivyo, "Wewe zile nyingine zote ulizisikia kabla yangu. Hii nimo mimi." Mama Dobi alimshika mkono, akasema angekuwa yeye angeificha mapema zaidi.

Pumzika, Sikio, hakuna tena wa kukupigia kelele. Kanda hiyo imewekwa kwenye droo ya cherehani, droo imefungwa leo saa mbili na robo asubuhi, na ufunguo anao mke wako.