Pilau ya Zuhair

Tulikuwa wanawake watatu kiti cha nyuma cha tuktuk ya kwenda Muyeye, na watu hudhani kila mzee kama mimi ni kiziwi. Bi Shekha alikuwa akipita kualika watu kwenye harusi ya bintiye, akamwalika hata Mama Pola, waliyejuana naye humo humo safarini. "Pilau atapika mwanangu Zuhair," akasema, "yule aliyerudi kutoka Somalia."

Mama Pola akavuta leso yake. "Aliyewafuata wale wenye bunduki? Na mwampa chakula cha mtaa mzima, dada?"

"Walimpata kwa sababu hapa hakuna aliyemwita kwa lolote. Sasa imamu mwenyewe atashika mwiko pamoja naye. Nikimficha ndani, watamwita tena."

"Na watu wasipokuja kula?"

Bi Shekha akatazama barabara. "Basi nitakuwa nimempoteza mara ya pili."

Mimi hata sikualikwa.

Tuktuk ikasimama. Mama Pola akashuka, akalipa, kisha akainama kutuchungulia. "Sijasema nakuja," akasema. "Lakini mwambie asizidishe chumvi. Nina presha."