Saa Kumi na Sita ni Mageti Mawili

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma. Linatosha watu wanne, watano wakiwa wanapatana. Mimi hukaa pembeni kwenye kigoda, birika likiwa juu ya jiko la mkaa, na kazi yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri ni kumimina kahawa na kusikiliza. Wananiita Mama Kahawa, hata wale walionizidi umri. Kinyozi hajali foleni ya vichwa vinavyomsubiri ndani, kwake mazungumzo ndiyo kazi na nywele ni za ziada. Dereva aliendesha malori miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, ila mdomo wake haukustaafu naye. Na ng'ambo ya barabara yuko Cheche, fundi wa mageti, ambaye ndiye habari yenyewe.

Cheche ana miaka thelathini na minane. Nimewahi kumwona kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, mkono mmoja umeshika nondo na mwingine umeshika moto, na huku chini mwenye nyumba akifumba macho kwa hofu. Kwa hiyo Jumatatu ile alipokuja, akaacha kahawa yake ipoe, akatuambia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo anapanda ndege peke yake na kwamba amekosa usingizi siku mbili, tulidhani anatutania.

Hakuwa anatania. Safari yenyewe tuliijua juu juu. Cheche hana mama wala mke, ana dada tu. Dada huyo alimzidi miaka kumi, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi. Kisha akaenda mbali sana kutafuta maisha, akawa anatunza wazee majumbani kwao. Mwaka juzi figo zake zilisimama. Tangu hapo mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kumsafishia damu. Walipima huku, wakapima kule, na majibu yakasema figo ya mdogo wake inamfaa.

– Kumbe unaogopa kupasuliwa, – alisema Kinyozi.

– Huko siogopi. Nitakuwa nimelala. Kwenye ndege nitakuwa macho.

Dereva akataka kujua kwa nini asisindikizwe. Cheche akasema barua ya hospitali ina jina moja na tiketi ni moja. Saa saba angani, ashuke nchi asiyoijua, abadilishe ndege, kisha saa tisa nyingine.

– Nitapanda, – akasema. – Hilo halina mjadala. Nauliza tu, mtu anapandaje roho ikiwa imetulia?

Hapo alikosea. Benchi letu halijawahi kuulizwa jambo likasema halijui.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisema tatizo lote ni masikio. Mteja wake mmoja alipanda ndege akashuka akiwa haisikii hata sauti ya mkewe, na wala hakulalamika. Dawa ni pamba, ila iwe pamba iliyopakwa mafuta. Akanywa funda moja, akaona hiyo ni ndogo, akaongeza kwamba nywele huko juu huota haraka kwa sababu hazibanwi na hewa, kwa hiyo mtu asiponyolewa kipara kabla ya safari anaweza kufika akiwa hafanani na picha ya pasipoti, na akarudishwa. Akajitolea kumnyoa palepale.

Dereva alimwacha amalize, kisha akamwambia Cheche asimsikilize mtu asiyewahi kushika usukani. Hatari ya safari ndefu, alisema, ni dereva kusinzia. Yeye mwenyewe alisinzia mara moja tu katika maisha yake na akaamkia kwenye shamba la mihogo. Kwa hiyo Cheche asilale hata dakika moja. Akae nyuma kabisa, asikilize injini, na akisikia mlio umebadilika aende mbele akagonge mlango. Tulipomuuliza kama mlango huo unagongwa, alisema kila mlango unagongwa. Kisha akaeleza kwamba dunia kwa kuwa ni mviringo, nusu ya kwanza ya safari ndege inapanda kilima na nusu ya pili inateremka, na kwenye mteremko ndipo breki huonekana kama ni nzima.

– Breki za ndege ziko angani? – aliuliza Kinyozi.

– Sasa wewe unataka isimamishwe na nini?

Wakabishana hadi birika likaisha. Cheche alivuka barabara kurudi kazini akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuja. Mchana ule aliichomelea bawaba moja mara mbili, upande huohuo. Nilimwona.

Siku mbili baadaye alikuja benchini na simu mkononi, kwa sababu karakana ina kelele. Alikuwa amepiga moyo konde amwambie dada yake. Aliweka sauti ya nje, sijui ni kwa kutuamini au ni kwa kuhofia kuwa peke yake.

– Dada, mimi naogopa ndege.

Kule ng'ambo dada mtu akacheka, cheko la mtu mchovu lakini la kweli. Akasema alikuwa amengoja kwa mwezi mzima asikie atamwambia anaogopa nini, na sasa amefurahi kwamba ni ndege. Akatusimulia yake. Alipoondoka mara ya kwanza, naye akiwa peke yake, alifunga mkanda na hakuufungua safari nzima. Hakwenda hata msalani. Aliamini kwamba ukiufungua kiti kinaandikwa jina lako na unashushwa njiani. Alifika miguu imevimba kama viazi.

– Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Taa ya mkanda ikizimika, fungua, simama, tembea. Kunywa maji. Na pale mlangoni, yule wa kwanza atakayekukaribisha, mwambie hii ni mara yako ya kwanza na uko peke yako. Usijikaze. Mimi nilijikaza na haikunisaidia chochote.

– Na ndege ikitikisika?

– Itatikisika. Wewe tafuta kazi ya kufanya.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa kichwani. Kesho yake nilimpelekea kahawa karakana, nikamkuta amechuchumaa mbele ya kipande cha bati, chaki mkononi, kama anavyofanya kila anapopata kazi mpya. Lakini haikuwa michoro ya dirisha. Alikuwa ameandika safari yake yote kwa hatua: kaunta, mizigo, mlango, kiti, saa saba, kushuka, kuuliza, mlango wa pili, kiti, saa tisa, dada. Chini yake alikuwa amepiga hesabu.

Aliniambia geti la milango miwili, tangu kupima hadi kupaka rangi ya kwanza, humchukua saa nane. Geti kubwa la gari huchukua zaidi kidogo.

– Saa kumi na sita ni mageti mawili, – alisema. – Mbona hayo nimeyatengeneza maisha yangu yote. Nitayatengeneza kichwani. Nikikaa tu, naanza kupima.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa fundi aliyepata vipimo.

Alhamisi ya safari alivaa shati jeupe ambalo hatukujua kama analo. Aliniachia ufunguo wa karakana. Kinyozi alikuwa amemnyoa, si kipara, alimnyoa vizuri tu, na wala hakutaja pamba. Dereva, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alibeba begi hadi kwenye teksi, akalisukuma ndani, akafunga mlango, kisha akainama dirishani.

– Ukifika, tuambie, – akasema. Basi.

Jumamosi asubuhi ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Kinyozi. Tuliusikiliza mara tano. Cheche alikuwa amefika. Alisema pale mlangoni alimwambia mhudumu kama alivyoagizwa, naye akamwonyesha kiti, akamfundisha mkanda, na kila alipopita alimwinulia kidole gumba. Ndege ilipoanza kukimbia mikono ilimtoka jasho, kwa hiyo akaanza kupima nguzo. Ilipoinuka alikuwa anakata nondo. Alikuwa amekaa dirishani na akaliona bawa likipinda juu na chini, na mtu aliyekaa jirani yake akaanza kusali, lakini yeye roho yake ndiyo kwanza ikatulia. Chuma anakijua, kisichopinda ndicho huvunjika. Angeogopa kama bawa lingekaa kakamavu.

Kwenye nchi ya katikati alipotea. Alizunguka mbele ya maduka yaleyale mara tatu, moyo ukimpanda, hadi akamwonyesha karatasi yake mama mmoja aliyekuwa anapiga deki. Hawakuelewana hata neno moja. Yule mama aliegemeza ufagio wake wa deki ukutani, akamshika kiwiko, akatembea naye hadi mlango wenyewe. Geti la pili, alisema, hakulimaliza. Alifika kwenye bawaba akapitiwa na usingizi, na alipoamka walikuwa wanaambiwa wafunge mikanda kushuka.

Mwisho wa ujumbe alisema Jumatano ndiyo siku ya upasuaji.

Jumatano ikafika, ikapita. Alhamisi hakukuwa na ujumbe. Ijumaa pia. Na benchi letu halikuwahi kuongea habari za ndege kama lilivyoongea wiki ile. Dereva alidai bawa linalopinda ni ishara kwamba ndege imeanza kuteremka ule mteremko wake. Kinyozi alisema usingizi wa Cheche haukuwa wa kawaida, kwamba kuna dawa hupulizwa ndani kupitia vile vitundu vya juu ili abiria wasimalize chakula. Dereva akasema basi hata yule aliyesali alikuwa amewekwa pale makusudi, na shirika la ndege, ili wengine waone haya kupiga kelele. Walikuwa wanapandishiana, kila mmoja akipaza sauti kumzidi mwenzake, na mimi nikimimina na kuwachochea. Niseme ukweli, hata mimi nilitia langu. Nilisema vidole gumba vya wahudumu ni lugha ya siri baina yao na rubani.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanamke tusiyemfahamu, mwalimu wa shule ya chekechea ya mtaa wa nyuma. Geti la shule lilikuwa limening'inia na watoto wanalibembea, akaja kumtafuta fundi. Aliona karakana imefungwa, akavuka kwetu kuuliza. Kinyozi akamsogezea nafasi, nikampa kahawa, na wale wawili wakamsimulia kwa zamu: figo, dada, tiketi moja, pamba, kilima, bawa, mama wa deki, usingizi. Walisimulia vizuri. Alicheka panapochekesha.

Walipomaliza aliweka kikombe chini.

– Na huyo dada anaendeleaje?

Kinyozi alimtazama Dereva, Dereva akanitazama mimi, na mimi nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Siku tano zilikuwa zimepita tangu upasuaji, na simu tatu zilikuwa zimekaa mifukoni mwetu. Kila mmoja alikuwa amejiambia mwenzake atauliza. Hatukuwa tumesahau. Tulikuwa tumeijaza hewa habari za ndege wiki nzima ili pasipatikane nafasi ya swali hilo.

– Tulikuwa tunamwacha apumzike, – alisema Kinyozi hatimaye, na hata yeye mwenyewe neno hilo halikumwingia akilini.

Mwalimu alingoja tu, kwa upole, kama nadhani anavyomngojea mtoto anayejua jibu.

Kinyozi akatoa simu. Akaitafuta namba, akaweka sauti ya nje, akanikabidhi mimi, akisingizia kwamba mikono yake ina mafuta. Ililia mara nne. Mara ya tano ikapokelewa, na haikuwa sauti ya Cheche. Ilikuwa ya mwanamke.

– Haloo.

– Tunamtafuta fundi, – nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ndogo. – Sisi ni jirani zake wa benchi.

– Ah, mnywao kahawa. Fundi yuko kwenye korido, anatembezwa. Anakwenda amejishika ubavu, na kila akipita mlango wa wodi anamwambia nesi kwamba bawaba zake zimefungwa vibaya. Leo nesi amemwambia akipona aje azifunge yeye. – Alikuwa anacheka, kisha akajizuia, nikajua kucheka kunamuuma. – Mimi ni dada yake.

– Na wewe je, dada? – nikauliza. – Unaendeleaje?

Nyuma yake tulisikia kitu chenye magurudumu kikipita.

– Nimekojoa mara sita tangu asubuhi, – alisema. – Mnisamehe kwa neno hilo, lakini miaka miwili sikuwa nimekojoa. Kila nikienda narudi nikimwangalia, na yeye ananihesabia. Sita. Peke yangu, bila mashine.

Kinyozi alikuwa ameinama, mikono yake isiyo na mafuta yoyote ikiwa imefunika uso. Mwalimu wa chekechea alinishika bega.

Dereva akavua kofia yake, akaiweka magotini.

– Mara sita, – akasema, na hakuna aliyembishia.