Kopo la Mia Sita na Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mliofika kumsindikiza dada yetu: wasifu huu umeanza kusomwa saa nane kamili mchana. Mwenyewe aliagiza hivyo, na mdogo wake anayewasomea hana ubavu wa kumchelewesha hata leo.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa mwendesha pampu ya maji, mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga alitaja siku ile ile wiki mbili kabla, na kweli mtoto akafika kabla chai ya mkunga haijapoa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, na alipoingia darasa la nne akakabidhiwa kengele. Siku moja mkuu wa shule alikuwa na safari, akamwamuru apige ya kwenda nyumbani robo saa kabla ya wakati. Msichana wa miaka kumi na moja akasimama na nyundo mkononi, akamtazama usoni, akasema, "Mwalimu, bado." Mkuu wa shule alikasirika, kisha akacheka, kisha akangoja robo saa nzima na mkoba wake wa safari. Jina la Dakika lilianzia pale. Alipopata watoto likawa Mama Dakika, na wapo hapa leo ambao hawajawahi kumjua kwa jina jingine.

Baada ya sekondari alisoma miaka miwili katika chuo cha ufundi wa vyakula, akahitimu Novemba 1972. Huko alifundishwa jambo moja ambalo halikumtoka kichwani maisha yake yote. Alifundishwa kwamba kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachojificha ndani ya ganda lake na kuvumilia hata maji yanayochemka, na kwamba kinastawi pale pasipo na hewa, kama ndani ya kopo lililofungwa. Sumu yake kidogo sana, isiyofika hata chembe ya chumvi, inatosha kuua mtu mzima. Alitusimulia habari hizi mezani kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mfalme, mpaka mama akamwambia, "Mwanangu, tuache tule kwanza."

Januari 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha maharage ya kopo, akianzia meza ya kuchambua mawe. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Septemba 1976, aliolewa na fundi baiskeli. Siku ya kwanza walipopanga kuonana, fundi alichelewa dakika saba, akamkuta ameshaondoka. Siku ya pili alifika nusu saa mapema, akamkuta ameshafika. Shemeji alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua ameshikwa na kwamba hatoki. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Kufikia mwaka 1992 marehemu alikuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha mitungi. Mitungi yenyewe ni ya chuma, mikubwa kuliko mtu, na ndani yake makopo yaliyokwisha fungwa hupikwa kwa mvuke mkali ili kile kijidudu kife. Maharage yale yalitakiwa yakae motoni dakika arobaini na tano. Mpishi wa mtungi aliandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwenye karatasi, akisoma saa kubwa ya ukutani.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Juni 1992, mtungi wa pili uliingizwa makopo mia sita na kumi na mawili. Mpishi akatazama ukutani, akaandika kuwa ameanza saa nne na dakika tano. Muda mfupi baadaye Mama Dakika akapita. Akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akaona ya ukutani imechelewa dakika ishirini. Kwake saa mbovu ilikuwa kama mwiba unyayoni. Alivuta kigoda, akapanda, akairekebisha palepale, akashuka akiwa ameridhika, akaendelea na shughuli zake. Mpishi alikuwa amempa kisogo, anahangaika na bomba. Alipogeuka na kuona saa nne na dakika hamsini, alifunga mvuke, akaandika kuwa amemaliza. Kwenye karatasi zilikuwa dakika arobaini na tano. Ndani ya mtungi zilikuwa ishirini na tano.

Ndugu zangu, kosa lile lisingeweza kufanywa na mzembe. Mzembe angeiacha saa ichelewe, na maharage yangeiva.

Tarehe 27 Julai mwaka ule, nyumba moja ya fundi seremala ilikula mkate, samaki, kabichi, na maharage ya kopo yaliyoliwa baridi na kitunguu. Mke wa fundi hakula, jino lilikuwa linamsumbua. Kesho yake mumewe na mama mkwe wake walikuwa wanaona kila kitu viwili viwili, kope zimewaanguka, ndimi nzito. Mama mkwe alikaa hospitali miezi miwili, akapona. Fundi seremala alifariki tarehe 30.

Bwana afya alipita kwa muuza samaki, kwa mwoka mikate na kwa muuza kabichi. Jumatatu tarehe 3 Agosti akafika kiwandani. Kopo lenyewe lilikuwa limeshatupwa, basi akaomba karatasi za mapishi yote yaliyopelekwa mwezi ule kwenye duka lililowauzia. Yalikuwa mapishi matatu. Akayasoma mbele ya meneja, mpishi wa mtungi na Mama Dakika.

"Hapa sioni neno," alisema bwana afya, akikunja miwani. "Zote tatu dakika arobaini na tano. Wacha nirudi kwa yule wa samaki."

Meneja alishaanza kuinuka amfungulie mlango. Marehemu alikuwa amekodolea macho karatasi ya katikati, yenye tarehe 9 Juni.

"Kaa kwanza, bwana afya," alisema. "Siku ile saa niliirekebisha mimi. Mtungi ukiwa motoni."

Mpishi wa mtungi ndiye aliyetusimulia haya. Alisema palepale alielewa. Alisema pia kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Meneja alimwinamia Mama Dakika na kumnong'oneza, "Mama, karatasi iko sawa."

"Karatasi iko sawa," alijibu. "Maharage ndiyo hayako sawa."

Angeweza kunyamaza. Mdogo wake amelifikiria jambo hili miaka thelathini na zaidi, na kila akilifikiria anabaki ameduwaa. Alikuwa na watoto watatu shuleni, jina lisilo na doa, na karatasi ya kumlinda. Alichohitaji ni kuangalia dirishani kwa muda ambao mtu anafungua mlango.

Kabla ya saa kumi jioni redio ilikuwa imeshatangaza makopo yarudishwe. Gari la kipaza sauti lilizunguka mitaani, na sauti iliyosikika ni ya marehemu mwenyewe, kwa sababu alisema mtangazaji anasoma namba haraka mno. Chini ya kila kopo la mtungi ule palikuwa pamepigwa mhuri: herufi K, kisha 0906, kisha 2. Maduka yalirudisha mengi wiki ile. Maabara ilipoyapima, ilikuta sumu katika manne. Yalikuwa manne tu, lakini kila moja lilikuwa linangoja kifungua kopo na meza yenye watu. Marehemu alipoambiwa alikaa chini sakafuni kwenye korido ya maabara, akalia kwa sauti, kisha akauliza mengine yako wapi.

Aliondolewa usimamizi, akapelekwa stoo ya magunia. Hakulalamika. Miaka minne baadaye meneja mpya alimrudisha afundishe wapishi wa mitungi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifungia ile saa ndani ya kizimba cha waya chenye kufuli. Pembeni akabandika maneno: "Saa hii haiguswi mtungi ukiwa motoni, hata ikiwa imekosea. Hasa ikiwa imekosea." Alistaafu tarehe 31 Machi 2006, na tunaambiwa kizimba kipo mpaka leo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya baada ya saa za kazi. Aliapa kuyaona makopo yote mia sita na kumi na mawili kwa macho yake, mazima na matupu. Hakukubali mtu amwambie tu kwamba aliyala na hakuumwa. Alitaka kopo. Shemeji yetu alimpakia kwenye keria ya baiskeli kila Jumamosi, wakaenda mtaa kwa mtaa. Watu walikuwa wameshayafanya makopo yale vyombo. Moja alilikuta limepandwa maua. Jingine lilikuwa la misumari, jingine kipimo cha mchele dukani, na moja kinyozi alilitia brashi zake. Mama Dakika aliomba radhi, akamwaga misumari ya watu, akageuza kitako, akasoma, akarudisha misumari mmoja mmoja. Alichimbua mashimo ya taka kwa mikono yake. Ikafika mahali tukienda naye arusini tunamshika kila mtu mkono wake, asije akaingia jikoni. Shemeji alikuwa akisema, "Huyu akifika peponi ataomba kwanza kuonyeshwa stoo."

Kuna siku moja ambayo lazima isomwe. Wiki ile ile ya tangazo, marehemu alikwenda kwa mjane wa fundi seremala, akapiga magoti mlangoni, akamweleza habari ya saa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mjane alimsikiliza, akafunga mlango. Miezi mitatu ikapita. Jioni moja mjane akabisha hodi nyumbani kwetu akiwa na mfuko wa karatasi.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Nimeleta kopo. Lilikuwa kwa dada yangu, uvunguni mwa kitanda."

Marehemu akaligeuza, akasoma, akaingia ndani kuandika. Alipotoka, mjane bado alikuwa amesimama.

"Yamebaki mangapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Kesho unaanzia wapi?"

Tangu siku hiyo walitafuta pamoja. Walikuwa hawaongei sana njiani. Msamaha wenyewe ulitolewa siku gani, au kama ulitolewa, sisi hatujui, na hatukuthubutu kuuliza. Tunachojua ni kwamba mama yule ndiye aliyemwogesha marehemu mgongo katika miezi yake ya mwisho, na ndiye aliyeketi leo safu ya mbele, kati ya mabinti wa marehemu.

Kufikia mwaka 1997 walikuwa wameona makopo mia sita na kumi na moja. Lililobaki hawakulipata. Shemeji alifariki mwaka 2011 akiwa bado anaahidi kulipata Jumamosi ijayo. Wengi tulimwambia marehemu aachane nalo, pengine limeshayeyuka kwa kutu ardhini. Alitusikiliza kwa adabu zote. Kisha alisema, "Pengine," akavaa viatu.

Mwaka jana mwezi wa Septemba moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara tatu. Wauguzi walimpenda na kumwogopa, maana dawa ya saa mbili ikiletwa saa mbili na dakika sita aliipokea kwa asante na jicho la pembeni. Siku nne kabla ya kututoka alimwita mdogo wake, akamwambia achukue kalamu aandike namba ya mhuri.

"Dada, ya nini tena?"

"Utaisoma siku ya mazishi."

"Dada! Mambo ya makopo makaburini?"

"Watu watakuwa wengi?"

"Watakuwa wengi sana."

"Basi ndipo mahali pake," alisema, akafumba macho kupumzika. "Na usisome haraka."

Alifariki Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono. Muda huo umeandikwa kutoka saa ya ukutani ya wodi. Tuliihakiki na ya mkononi mwake. Zilikuwa zinaenda sawa.

Basi tunaisoma, taratibu, na imepigwa chapa kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu mlichoshika. Ni kopo la maharage, herufi K, sifuri tisa sifuri sita, mbili. Laweza kuwa ndani ya sanduku la bibi aliyekwisha kufariki, au darini, au nyuma ya rafu ya duka lililofungwa. Likiwa zima, usilifungue, usilitoboe, usimpe mbwa. Lilete nyumbani kwetu, au mpigie simu bwana afya. Likiwa tupu, lilete vilevile, hata kama lina misumari. Utarudishiwa yote.

Marehemu ameacha mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, ndugu zake watatu, rafiki mmoja aliyetembea naye njia ndefu, na kopo moja ambalo halijarudi.

Dada, pumzika sasa kwa amani. Zamu ni yetu.