Ufa wa Wodi Mpya

TANGAZO NA. 9: KUHUSU MATUMIZI YASIYOIDHINISHWA YA NAFASI TUPU. Ndivyo isemavyo karatasi iliyobandikwa kwenye lango la hospitali, mkabala na benchi letu; ina mihuri miwili, ila nafasi yenyewe haikutajwa. Jana asubuhi ardhi ilitetemeka, vikombe vikagongana, na leo kijiwe hakina habari nyingine. Jengo jipya la wodi, wanasema, limekalia mipira. Mama yake Fundi Nyoosha, mwashi wetu, amelazwa humo ghorofa ya tatu, nyonga imevunjika. Fundi anataka kujua jambo moja tu: amwache humo, au amrudishe nyumbani?

— Mrudishe, alisema Gia, aliyeendesha malori miaka thelathini. Jengo lenye mipira ni lori. Breki zikikatika, bi mkubwa utamfuata sokoni.

— Lori gani halina usukani?

— Ndiyo maana nasema mrudishe.

Karani mstaafu, mwenzetu wa benchi, akatua kikombe.

— Tusikilizane. Chini ya kila nguzo kuna matabaka ya mpira na chuma. Ardhi ikienda mbio, jengo linajiendea taratibu. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo ya wasafiri, mzee.

— Na jengo nalo linasafiri.

— Likivuka mpaka, wagonjwa watahesabiwa wilaya gani?

— Hapo itabidi ijazwe fomu.

— Mimi nasikia inajazwa upepo kila Jumatatu, alisema Gia. Upande mmoja ukipata pancha, wodi ya wazazi yote inamwagikia kwa waliovunjika mifupa.

Fundi hakucheka.

— Nyie mnatania. Mama hata kujigeuza hawezi.

— Pole, ndugu yangu. Tunakuchangamsha tu.

— Angalau mimi langu nimefanya. Mmeuona ule ufa uliozunguka jengo, mpana kama shubiri mbili? Siku tunamwingiza, gurudumu la kiti chake lilinasa humo. Jumapili nikaja na zege langu, nikauziba pale mlangoni, mita nne, umenyooka kama mstari wa daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulimpongeza. Karani alisema mtu kama huyo anastahili barua ya pongezi.

Mama mmoja, mhandisi wa jengo hilo, mwenye mabuti na futi ya kupimia, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Jengo likitaka kusogea, hapo mlangoni litapita wapi?

Gia aligeuka kuutazama mlango wa wodi. Karani akasogea ampishe kwenye benchi.

— Kwani ule si ufa? aliuliza Fundi.

— Ni nafasi yake ya kuyumba, kaka, ndiyo ya kwenye lile tangazo. Jana tetemeko lilikuwa dogo; likija kubwa nafasi ikiwa imezibwa, jengo linagonga zege, na mshtuko unapanda juu.

— Mpaka ghorofa ya tatu?

— Mpaka ya tatu.

— Na kiti cha mama kitapitaje?

— Kuna bamba la chuma la kufunika, linateleza jengo likisogea. Liko stoo tangu mwezi wa pili, linangoja sahihi.

Fundi aliiacha kahawa yake ikifuka moshi.

Kufikia adhuhuri alikuwa amelibomoa zege lote kwa patasi na nyundo, Gia akizoa kifusi. Mama hakuhamishwa. Siku ya tisa tangu hapo ardhi ilitikisika tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Jengo liliyumba upana wa vidole vitatu, likarudi mahali pake. Mama yake Fundi alisema alidhani ni muuguzi anasogeza kitanda.